Majani ya mlangoni na chupa ya sokoni



Siku ya Jumatatu, wiki ya tatu ya muhula huu, wakati wa kupandisha bendera, tulisikia amri mpya. Tangu siku ile hakuna mwanafunzi wa internat mwenye ruhusa ya kuweka dawa ya kienyeji chini ya kitanda, wala katika sanduku, wala katika kopo. Jani, mzizi, ganda la mti, unga, maji ya chupa, vyote vimekatazwa. Atakayekamatwa atarudi kwao siku nane. Kiisha, Jumanne saa kumi, wafanyakazi walitumwa nyuma ya jikoni na mapanga, na ile miti mitatu ya mubirizi iliyokuwa pale tangu wakubwa wetu walipokuwa wakisoma hapa, ikakatwa. Mama wa jikoni alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akatazama tu.

Sisi wa darasa la tano Biolojia-Kemia tumezungumza mambo haya siku nyingi, darasani, kwenye maji, na usiku pia kisha taa kuzimwa (Bwana wa disipline atusamehe). Hatukuwa wa shauri moja. Wengine walisema amri ni nzuri kabisa, wengine walisema ni kosa. Mwisho tumekubaliana kuandika hivi: nusu ya amri hii tunaipokea kwa mikono miwili, na nusu yake tunaomba ibadilishwe. Tutaeleza juu ya nini.

Wote munajua amri ilitoka wapi. Mwenzetu mmoja alikuwa mgonjwa karibu kufa. Hatutamtaja jina, lakini ametupa ruhusa kusimulia, sababu yeye mwenyewe anaona haya ya kuongea mbele ya watu. Alishikwa na homa siku tatu kabla ya mtihani wa matematiki. Aliogopa kwenda kwa muuguzi wetu, alijua atalazwa na mtihani utampita. Jumamosi akashuka sokoni. Kule kulikuwa mtu amesimama juu ya meza na megafoni, karibu naye karatoni kubwa yenye picha ya mwili wa mtu, maini, mafigo, matumbo, yote kwa rangi. Mtu yule alisema chupa yake inaponyesha malaria, tifoide, minyoo, kisonono, maumivu ya mgongo, ukosefu wa watoto, na tena usahaulifu kwa wanafunzi. Mwenzetu akanunua. Akauliza kipimo. Akajibiwa: "Unakunywa mpaka mwili unasikia."

Mwili ulisikia kweli. Siku ya tatu alianza kutapika, macho yakageuka manjano, mkojo ukawa kama kahawa. Tulimpeleka kwa muuguzi, naye akamwuliza vizuri: umekunywa nini? Akajibu, "Hakuna, muganga." Chupa ilikuwa ndani ya godoro. Siku mbili nzima muuguzi alitafuta ugonjwa ambao hauko, mpaka rafiki wa mgonjwa akashindwa kuvumilia, akaileta chupa ile ikiwa imefungwa ndani ya gazeti. Basi ndipo alipopelekwa hospitali kubwa, akalala kule majuma mawili. Leo yuko nasi, anakaa kwenye banki la mbele. Kilichokuwa ndani ya chupa, mpaka leo hakuna anayekijua. Sisi tunafikiri hata muuzaji hakujua.

Sasa tunauliza: ni kitu gani kilichotaka kumwua mwenzetu? Dawa mbaya, ndiyo. Lakini na siku mbili za kuficha pia. Kama angeweka chupa mezani siku ya kwanza, muuguzi angemtuma hospitali siku ya kwanza. Na juu ya nini alificha? Aliogopa kuchekwa na kuazibiwa. Basi amri hii mpya imezidisha azabu. Sisi tunaokaa ndani ya dortwari tunawaambia wazi, bila kumshitaki mtu: dawa hazikutoka. Zimehama tu. Zilikuwa chini ya kitanda, sasa ziko ndani ya godoro.

Hiyo ni neno letu la kwanza. La pili ni refu zaidi, ni juu ya ile miti mitatu.

Amri imeweka pamoja vitu ambavyo koko wetu hawezi kuviweka pamoja hata siku moja. Chupa ya sokoni na jani la mlangoni si ndugu. Koko akikupa jani, unalijua jani, umeliona likichumwa, na koko mwenyewe analila. Tena kesho yuko palepale. Ukitapika, ni yeye atakayeamka usiku. Mtu wa megafoni kesho yuko katika soko lingine. Jani la koko liko na jina, chupa haina. Koko anasema: majani matatu, si kwa mwanamke mwenye mimba, si kwa mtoto ambaye hajaanza kutembea. Anaweza kukosea, tutalisema hilo chini. Lakini kuna mtu wa kuuliza.

Tena majani mengi ya wazee hayakuwa dawa hata kidogo. Yalikuwa chakula. Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo, maana tunaona ndipo elimu ya wazee ina nguvu kuliko mahali pengine, na ndipo sisi wasomi tunaidharau zaidi.

Siku ya kwanza ya mwaka wa shule, mama wa jikoni alipika lengalenga na ndagala. Munakumbuka kelele? Vijana waligonga sahani na vijiko. "Mboga ya maskini! Tumelipa minervali kula majani ya njiani?" Mama wa jikoni hakujibu. Siku zilizofuata tulikula kabichi nyeupe iliyochemshwa, tukashukuru, sababu kabichi inauzwa kwa bei. Lakini mwalimu wetu wa biolojia ametuonyesha katika kitabu: jani la kijani kibichi sana kama lengalenga, matembele au sombe linashinda kabichi nyeupe mbali kwa vitamini A, kwa chuma na kwa kalisiamu. Ukilipika na mawese kidogo, mwili unapokea ile vitamini vizuri zaidi, maana vitamini A inasafiri ndani ya mafuta, na mawese mekundu yenyewe yanaleta nyingine. Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu wanaoliwa na mifupa yao, wanaleta protini na kalisiamu tena. Basi koko anayetwanga sombe, akatia mawese na karanga au ndagala, hakusoma kitabu, lakini chungu chake kinaweza kupita mtihani wa mwalimu.

Mmoja wetu ametuletea habari ambayo ilitunyamazisha. Alirudi kwao kwa vakansi ya Noeli, akakuta mdogo wake wa miaka miwili miguu imevimba. Nywele zilikuwa zimekuwa nyepesi na za rangi ya udongo mwekundu, ngozi ya mapaja inachubuka, uso mnene kama mtoto anayekula vizuri. Lakini mtoto hakucheka, hakulia, hakutaka kula. Alikaa tu. Majirani walisema ni mtu amemtazama kwa jicho baya. Wengine walitaka kumpitishia dawa kwa nyuma kwa ule mpira, ili uvimbe utoke. Mwenzetu alikuwa amesoma, akalijua jina: bwaki.

Sisi wa Kivu neno hili tumelinyonya pamoja na maziwa. Wazungu wanasema kwashiorkor, na hilo pia si neno lao. Daktari mwanamke Cicely Williams alilichukua kwa Waga wa Ghana, akaliandika katika mwaka 1935. Kwao ni ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa, mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa la mama yake. Huko Bukavu, katika mwaka 1965, watu walijiunga kuupiga vita ugonjwa huu, wakakiita chama chao Comité Anti-Bwaki. Nchi iliyopata kuita chama kwa jina la njaa ya watoto inajua inasema nini.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Nyumba ile haikukosa chakula. Kulikuwa na kuku wanne na shamba la maharagi. Mayai yaliuzwa. Maharagi yaliuzwa. Juu ya nini? Juu ya minervali ya mwenzetu, ili akae hapa pamoja nasi na kusoma biolojia. Mtoto alikula bugali ya muhogo na mchuzi. Na lengalenga ilikuwa imeota yenyewe nyuma ya nyumba, karibu na jalala, refu mpaka kwenye kiuno. Haikuchumwa. Mama alimwambia mwanawe: "Wewe ulisema hiyo ni mboga ya watu wasiosoma. Nikaona haya mbele ya wageni."

Mwenzetu alitusimulia haya usiku, na sisi hatukuwa na la kumwambia.

Tusikosee hapa. Majani hayaponyeshi mtoto ambaye amekwisha kuvimba. Mtoto wa namna ile anapelekwa kituo cha afya siku ileile, anapewa maziwa ya dawa na ile siagi ya karanga ya kwenye pakiti, kidogokidogo, chini ya macho ya watu wanaojua, sababu hata kumlisha kwa haraka kunaweza kumwua. Na ule mpira wa kupitisha dawa nyuma ni hatari kwake, unamtoa maji na nguvu ambazo hana. Mdogo wa mwenzetu alipelekwa, amepona, anakimbia. Lakini kabla ya kuvimba, ile miezi yote kabla, hapo ndipo lengalenga, maharagi na yai moja moja vingefanya kazi. Kazi ya jani ni pale. Tena haihitaji feza.

Wazee walikuwa na kipimo pia, na hili watu wanalisahau wanaposema kwamba mambo ya wazee ni ya kubahatisha tu. Mutazame muhogo mchungu. Una sumu, ileile ambayo katika darasa la kemia inaitwa sianidi. Mama zetu hawajui jina hili. Lakini wanajua: muhogo mchungu unalowekwa siku tatu au nne mpaka ulainike, unamenywa, unaanikwa kwenye jua, kiisha unatwangwa. Sombe inatwangwa sana, inachemshwa bila kufunikwa kwanza. Mwalimu alitueleza kazi ya kutwanga: seli za jani zinapasuka, sumu inaachiliwa, na moto unaifukuza pamoja na mvuke. Ukila jani zima lililochemshwa haraka, sumu imebaki nyingine ndani.

Na watu wakipunguza siku? Katika mwaka 1938 daktari Mwitaliano, Trolli, aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu. Watu, zaidi wanawake na watoto, waliamka na miguu imekakamaa, hawawezi tena kutembea sawasawa. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Leo waganga wanajua kwamba unakuja pale watu wanapokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, siku nyingi, bila maharagi wala samaki wala nyama, sababu mwili unahitaji protini ili kuishinda sumu ile. Miguu ikikwisha kufungwa haifunguki. Mara nyingi ugonjwa huu unafuata njaa, vita, au biashara ya haraka, pale muhogo unapotolewa majini siku ya kwanza ili upande kamyo. Hata hapa Kivu ya Kusini waganga waliukuta, na habari zake ziliandikwa katika mwaka 2011. Basi ile desturi ya siku tatu, ambayo mtoto wa mjini anaiona kama uvivu wa kijiji, ni ukuta kati ya mtoto na konzo.

Tuje sasa kwenye mubirizi wenyewe, ule uliokatwa.

Majani yake ni machungu mpaka masikio yanasikia. Karibu kila mmoja wetu alinyweshwa maji yake utotoni, kwa minyoo, kwa tumbo, kwa homa. Ng'ambo ya ziwa, karibu kuelekeana na Kalemie, kuna milima ya Mahale katika Tanzania, na ndani ya msitu wake wanakaa sokomutu. Katika mwaka 1987 mtafiti mmoja Mmarekani, Michael Huffman, alikuwa akiwafuata kule pamoja na mzee wa Watongwe, Mohamedi Seifu Kalunde. Waliona sokomutu mwanamke, mgonjwa, mlegevu, akienda kwenye mti ambao sokomutu wengine hawakuutaka. Akavunja tawi changa, akamenya ganda, akatafuna moyo wake wa ndani, akameza maji yake machungu na kutema makapi. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Ule mti ulikuwa mubirizi wetu, Vernonia amygdalina. Watongwe wanauita mjonso. Mzungu alikuwa na kalamu, lakini aliyemwambia kwamba mti ule ni dawa yenye nguvu kwa watu ni mzee Seifu.

Angalieni vizuri: sokomutu yule hakula majani wala ganda. Alichukua moyo wa tawi peke yake. Watafiti walipopima baadaye, walikuta majani na ganda vina zaidi ile sumu ambayo inaweza kuumiza mnyama. Ndugu zetu wa Cameroun wanaokula majani haya kama mboga, wanayoiita ndolé, wanayachemsha na kuyafua katika maji mara nyingi mpaka uchungu upungue. Basi hata huyu mnyama ana kipimo, na sisi tunataka kunywa mpaka mwili usikie!

Lakini tusiseme kwamba mubirizi unaponyesha malaria. Hatuna haki ya kusema hivyo. Malaria inaua mtoto kwa siku moja au mbili, na mtoto mwenye homa kali anapimwa damu na kupewa dawa iliyopimwa. Wengine watatujibu kwamba dawa zile za malaria zenyewe zilitoka kwenye majani. Ni kweli, na hapa kuna fundisho ambalo tumelijadili sana darasani.

Kinini ilitoka kwenye ganda la mti wa Amerika ya Kusini. Katika mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa ndani ya ganda lile wakaitenga. Baadaye mti ule ulipandwa kwenye milima yetu ya Kivu, na ganda lake limetoka hapa kwenda kuponyesha watu wa nchi nyingi. Dawa nyingine, ile inayotumiwa zaidi leo, ilitoka China. Mwanamke Tu Youyou alikuwa akitafuta dawa ya malaria. Yeye na wenzake walijaribu majani mengi. Jani moja, la namna ya artemisia, mara lilifanya kazi, mara lilikataa. Akarudi kwenye kitabu cha mganga Ge Hong wa miaka 1600 na zaidi iliyopita. Kitabu kilisema: chukua konzi moja ya jani hili, loweka katika maji, kamua, kunywa. Hakikusema kuchemsha. Akafahamu kwamba labda moto ndio unaoharibu dawa. Katika mwaka 1971 akaitoa bila moto mkali, ikafanya kazi. Katika mwaka 2015 alipewa zawadi ya Nobel.

Fundisho tunaloliona sisi liko mahali pawili. Kwanza, mganga yule wa zamani alikuwa ameandika. Aliandika jani, kiasi na namna, na mistari ile michache ilingoja miaka 1600. Kama angekufa nayo kichwani, ingekuwa imekwisha. Koko zetu hawajaandika. Mwaka jana tumezika wanne katika kijiji kimoja tu cha mmoja wetu, na hakuna aliyewauliza kitu isipokuwa feza ya kalamu. Pili, Tu Youyou hakuuza chupa sokoni. Alipima, akajaribu, akapima tena. Ndiyo maana OMS, ambayo inaikubali dawa iliyotoka kwenye artemisia, imekataa chai ya majani yake kwa malaria, na ikarudia neno hilo katika mwaka 2019: katika chai hakuna anayejua kiasi, na dawa kidogo inawafundisha vijidudu kuizoea. Watu wengi hapa Kivu wanapanda artemisia mlangoni na hawapendi kusikia hivyo. Sisi pia hatukupenda. Lakini tumesoma sababu, na sababu zina uzito.

Kuna walimu watakaosema: haya yote yanafungua mlango kwa uganga wa pepo, na hii ni shule ya Kanisa. Tunalifahamu woga huo. Lakini nabii Isaya aliamuru tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, na hakuna aliyemwita mchawi. Jani ni jani. Mtu akikwambia upeleke kuku mweusi usiku ili jani lifanye kazi, hapo acha, rudi nyumbani.

Na wale wanaosema "kila kitu hospitali": hospitali iko mbali na ni feza. Mtoto wa kijiji akiharisha, mama anampa maji ya majani ya mapera. Tuseme nini kwake? Asimpe? Sisi tungemwambia: mama, maji hayo ya majani kidogo si neno, lakini ongeza hii ya muuguzi. Litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyorundikwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe mara kwa mara. Akiwa na damu katika choo, au macho yakiingia ndani, ondoka sasa hivi. Mama wa namna ile atakusikiliza, sababu haukuanza kwa kumcheka.

Basi, Bwana Prefe, haya ndiyo maombi yetu.

Chupa za sokoni zikatazwe kabisa. Hapo tunapiga makofi, na hata wakifungua masanduku yetu hatutalalamika. Lakini jani linalotoka nyumbani lisikatazwe, lionyeshwe. Mwanafunzi aliyerudi nalo alilete kwa muuguzi, aseme jina lake, nani amempa, kwa ugonjwa gani. Muuguzi akisema hapana, ni hapana. Anayeonyesha asiazibiwe hata kama amekosea, na anayeficha ndiye arudi kwao siku nane. Muuguzi wetu tumemwuliza mbele, hatukutaka kumpa kazi kwa nyuma yake. Alicheka, akasema meza yake ni ndogo lakini nafasi iko.

Tena, visiki vitatu vya mubirizi nyuma ya jikoni havijafa, vimekwisha kutoa machipukizi. Tunaomba wafanyakazi wasivichimbue. Kando yake tunaomba mistari sita ya bustani, kwa lengalenga na matembele. Mbegu tunazo, maji tutachota wenyewe, na mama wa jikoni amekubali kupika mara mbili kwa juma kama vijiko havitagonga sahani.

La mwisho ni kaye. Ina kurasa 200, tumeichangia, iko kwa kapita wetu wa darasa. Upande wa kushoto tutaandika maneno ya wazee kama walivyosema: jina la jani katika Kibembe, Kifuliiru, Kishi na lugha nyingine za kwetu, linaota wapi, linapikwa namna gani, kiasi gani, nani asilipewe. Upande wa kulia ni wa muuguzi na mwalimu wa biolojia, nao wataandika wanalolijua, au wataacha wazi. Jina la mzee litawekwa akikubali. Asiyetaka kutoa siri yake hatutamlazimisha, maana wengine elimu hii ndiyo shamba lao.

Koko wa mmoja wetu amekubali kushuka Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tisa, kama Bwana Prefe anampa ruhusa kuingia ndani ya uwanja. Ametuma neno kwamba hatakuja kuongea na watu waliosimama. Anataka kiti, anataka vijana wasiopungua wawili wa kuandika, sababu yeye anasema haraka, na anataka kwanza kuonyeshwa jiko letu. Wanaotaka kuandika wampe kapita majina yao mbele ya Ijumaa.

Wanafunzi wa darasa la tano, Biolojia-Kemia